La Longue, La Maligne na Ng'ombe wa Mzee Honoré

Kama kulikuwa na kitu kimoja ambacho Élise Kabasomi hakuweza kukivumilia tangu utoto, ni harufu ya josho. Alizaliwa katika ukoo wa wafugaji, kwenye vilima vya barabara inayoshuka kwenda Kasenyi, na kila juma ng'ombe wa baba yake walisukumwa ndani ya ule mfereji wa saruji uliojaa maji ya kijivu, dawa ya kupe, mkojo na mavi. Waliogelea vichwa juu, macho yamewatoka, wakaibukia upande wa pili wakichuruzika. Watoto wenzake walicheka. Yeye alitapika. Baba yake, mzee Honoré, alimtania kwamba Mungu alikosea mlango, kwamba mtoto wa kuziba pua namna ile angezaliwa kwa watu wa duka.

Kitu kimoja tu cha ng'ombe hakikumchefua, nacho ni maziwa ya kwao. Marehemu mama yake alikuwa na majani yake ya kufukizia vibuyu, akiyachuma mahali ambapo hakumwonyesha mtu isipokuwa mume wake, na maziwa ya nyumba ile yalikuwa na moshi wake, mwepesi, wenye utamu kwa mbali. Ungempa Élise vibuyu vya kijiji kizima amefumba macho, angekuambia hiki ni cha kwetu na hivi vingine peleka kwa wenyewe.

Alikuwa na kichwa cha hesabu. Masista walimsomesha, kisha akaenda Kisangani kujifunza kazi ya kompyuta, wakati ambapo Bunia nzima mashine za namna hiyo zingehesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Aliporudi mwaka 1984, kazi pekee aliyoipata ilikuwa kwenye Mradi wa Majosho. Ukicheka hutakuwa wa kwanza. Ofisi ilikuwa nyumba ya zamani ya mlowezi fulani katika komini ya Mbunya, sehemu moja ya mji wa Bunia, na ghala la dawa za kupe lilikuwa nyuma ya chumba cha mashine, ukuta mmoja. Harufu iliingia chini ya mlango asubuhi na kukaa mpaka jioni bila kuaga. Élise aliziba pale chini kwa kitambaa kilicholowa, akakaa mbele ya kioo cha kijani akipumua kwa mdomo. Ofisini walimwita citoyenne Kabasomi, yaani mwananchi Kabasomi, kwa kuwa miaka ile serikali ilikataza majina ya kizungu na jina la ubatizo lilikuwa la kanisani na nyumbani tu. Aliyemwita Élise mchana kweupe mbele ya watu wote ni baba yake, kila Jumapili alipompelekea kibuyu cha maziwa kwake, mtaa wa Saio, akipiga hodi kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ombe wakipita joshoni hutoka na dawa kwenye manyoya yao, kwa hiyo lazima dawa iongezwe. Ukiongeza kidogo, kupe wanacheka. Ukizidisha, unaua ng'ombe. Élise aliandika programu ya kupiga hesabu hiyo kwa kila josho: ng'ombe wangapi wamepita, maji yamebaki kiasi gani, dawa ina nguvu gani. Kisha mashine ilitoa karatasi, gari likazunguka nazo joshoni, na walinzi wa majosho wakapima kama walivyoandikiwa. Josho la kwao ndilo lililokuwa la kwanza kwenye njia ya gari. Kila karatasi iliyotoka chini ya mikono yake, ng'ombe wa mzee Honoré walikuwa wa kwanza kuionja.

Programu ile ilikuwa na vipande vingi, na kila kipande mtu hukiandika kwa maneno anayoyaelewa yeye. Mashine haielewi maneno hayo, lazima yageuzwe kuwa lugha yake kwanza, kipande kwa kipande, kisha vipande viunganishwe. Kazi hiyo Élise aliiita kupika. Ukibadilisha herufi moja kwenye maandishi halafu usipike upya, mashine itaendelea kula chakula cha jana, na haitakuambia kwamba kimelala.

Ili asikose, alijitengenezea faili moja la amri, fupi, la kijinga kabisa, ambalo lilipika vipande vyote kutoka cha kwanza mpaka cha mwisho, kilichobadilika na kisichobadilika. Ofisini waliliita La Longue, yaani Ndefu, kwa sababu likianza uliweza kwenda sokoni, ukanunua sombe, majani ya muhogo, ukabishana bei, ukarudi, na bado linapika. Jenereta lilinguruma nje muda wote likinywa mafuta. Élise alilipenda kwa jambo moja tu: halikuwa na akili, kwa hiyo halikuweza kumdanganya.

Mwaka 1987 akaletwa mkuu wa mashine, chef kwa lugha ya ofisini, Sylvestre Uringi, mwana wa Mahagi aliyekuwa amesoma Ulaya na hakutaka mtu yeyote asahau. Alikuja na viatu vya ncha, marashi ambayo yalichanganyika na dawa ya kupe hata chumba kikanuka kama mzoga uliopambwa, na tabia ya kuchana nywele akijitazama kwenye kioo cha kompyuta ikiwa imezimwa. Majivu ya sigara yake yaliangukia katikati ya vitufe, na aliyeyapuliza kila asubuhi ni Élise. Wafugaji waliokuja ofisini aliwaita watu wa mavi, kwa Kifaransa, akidhani hawasikii. Lakini hakuwa mjinga. Hilo ndilo lililomuudhi Élise zaidi, kwa sababu mjinga unaweza kumhurumia.

Katika mkoba wake Sylvestre alikuwa na disketi yenye programu ya kupikia programu, na Élise alipoelezwa aliona mara moja kwamba ni kitu kizuri. Unaiandikia mara moja tu kipande gani kinatoka katika maandishi gani. Halafu yenyewe, ukiiita, inachungulia kila kitu na kupika kile tu kilichobadilika. Vingine inaviacha. Wafanyakazi wa ofisi, ambao hawakuelewa chochote lakini walipenda kutoa majina, wakaiita La Maligne, yaani Mjanja.

Élise aliomba wazitumie zote mbili kwa muda, wapike kwa hii na kwa ile, walinganishe karatasi, waone. Ombi la mtu mwenye busara, basi halikusikilizwa. Mkurugenzi wa mradi alikuwa na haraka ya kuokoa mafuta ya jenereta, na ofisi nzima ilijua kwamba mafuta yakiokolewa huamkia kwenye tangi la gari lake. Sylvestre akampangia mashindano. Kwanza La Longue, na mkurugenzi akakaa, akapiga miayo, akatoka kukojoa, akarudi, akapiga miayo tena. Halafu La Maligne, ikamaliza kabla njiti ya kiberiti chake haijafika kwenye sigara. Mkurugenzi alicheka mpaka tumbo likatikisika.

“Ile ya kwako, Kabasomi,” Sylvestre akasema, akimgeukia ili mkurugenzi asikie vizuri, “iko sawa na mutu anaosha sahani yote ya nyumba juu ya kijiko moja iko na uchafu.”

“Kama sijue ni kijiko gani, chef, ni muzuri nioshe yote.”

“La Maligne inajua.”

“Inajua namna gani?”

“Inajua,” akasema Sylvestre, akavuta kiti karibu na mkurugenzi, na maelezo yakaishia hapo. Disketi ya La Longue ikatupwa kwenye mtoto wa meza, kati ya riboni zilizokauka na kipande cha mkate ambacho mtu alikisahau humo kikaota ukungu.

Sasa hapa inabidi kueleza jambo ambalo katika ofisi ile hakuna aliyemweleza mwenzake. La Maligne ilijua kwa kuangalia saa. Kila faili kwenye mashine lina tarehe na saa ya mara ya mwisho lilipoguswa. Maandishi yakiwa mapya kuliko kipande kilichopikwa, inapika. Kipande kikiwa kipya kuliko maandishi, inaona kazi imekwisha na kukaa kimya. Ni hivyo tu, hakuna uchawi. Lakini mashine yenyewe haikuwa na saa ya kudumu. Umeme ukikatika inasahau, na ukiiwasha tena inakuuliza leo ni siku gani na sasa ni saa ngapi, inaacha nafasi tupu, inasubiri ujaze. Lolote utakaloijibu inaliamini.

Na Élise kwa miaka mitatu alikuwa akiijibu kama mdomo wake ulivyozoea kuhesabu. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, halafu inakuja saa moja, saa mbili. Saa tatu asubuhi, aliandika tatu. Ndivyo mtaa wote wa Saio ulivyohesabu, ndivyo sokoni walivyohesabu. Kwa Kifaransa angesema neuf heures, saa ya tisa, bila kufikiri, lakini ile nafasi tupu haikumsemesha Kifaransa, na saa tatu ni saa tatu. La Longue haikujali. Ungeiambia ni usiku wa Krismasi, ingepika vilevile. Sylvestre naye alipoiwasha mashine aliijaza kwa saa ya mkononi mwake, saa ya Ulaya, na haikumpitia akilini kwamba katika dunia hii kuna mtu mwenye akili timamu anayehesabu vingine. Alimjua Élise miezi mingi na hakuwahi kumuuliza swali lolote isipokuwa kahawa iko wapi.

Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka ikafika dawa mpya. Makopo madogo, dawa nyeusi, na nguvu yake mara tatu ya ile ya zamani. Kwa hiyo tarakimu moja, kwenye kipande kimoja cha programu, ilitakiwa kubadilishwa. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kuchambua mchele.

Asubuhi ile Sylvestre alitangulia ofisini, jambo la nadra, kwa kuwa mkurugenzi alitaka karatasi mpya ziende na gari siku hiyo hiyo. Aliwasha mashine, akaijaza saa nane, yaani saa mbili yetu, akafuta vipande vyote vilivyopikwa zamani, akapika programu yote upya na La Maligne ili kusafisha njia. Halafu jenereta likakohoa, likafa, kama ilivyo desturi ya jenereta lenye maji kwenye mafuta. Sylvestre akatukana, akaenda kunywa chai. Lilipofufuka, aliyekuwapo ni Élise. Akawasha mashine. Ikamuuliza saa. Ilikuwa saa nne, akaandika nne. Akafungua kipande cha nguvu ya dawa, akabadilisha tarakimu, akaisoma tena, akaihifadhi, kwa uangalifu wake wa siku zote.

Sylvestre akarudi na harufu ya chai na mandazi, akamsogeza kwa nyonga kama mtu anavyosogeza kiti, akaiita La Maligne. Mkurugenzi alikuwa mlangoni, gari linanguruma nje. Mashine ikatoa mstari mmoja kwamba kila kitu kiko sawa, hakuna la kufanya.

“Chef,” Élise akasema, “haikupika kitu.”

“Ilipika.”

“Mi niko natazama. Haikupika.”

“Weye ulipepesa macho. Inapikaka mbio, si ile jongoo yako.” Akamgeukia mkurugenzi. “Miaka tatu na ile La Longue, sasa anataka kila kitu kipige kelele ndio ajue kazi inafanyika.”

Mkurugenzi akacheka. Dereva naye, aliyekuwa amechungulia, akacheka. Élise alijua la kufanya: achukue karatasi ya josho moja, aipige hesabu kwa kalamu, aone kama tarakimu mpya imeingia. Haikuhitaji hata muda wa sigara moja. Lakini alikuwa amechekwa juma zima, na kicheko kile cha wanaume mlangoni kilimtosha, akajiambia haya, yeye ndiye aliyesoma Ulaya, acha ale alichopika. Akafunga mdomo. Karatasi zikachapwa, zikakunjwa, zikaondoka. Ya juu kabisa ilikuwa ya josho la kwao.

Yaliyotokea kule alisimuliwa baadaye na Vital, mlinzi wa josho, mtu asiyejua kutia chumvi. Vital alifungua kopo la kwanza na harufu ikampiga usoni hadi machozi yakamtoka. Akasoma karatasi, akatazama makopo madogo, akaona kiasi ni kilekile cha dawa ya zamani. Hakuipenda. Aliwaambia wafugaji wasubiri mpaka aulize Bunia kwa phonie, ile redio ya mawasiliano. Wengi wakakubali, wakakaa na ng'ombe wao.

Aliyekataa ni mzee Honoré. Alisema karatasi ile imetoka kwenye mashine ya mtoto wake. Alisema Élise hakosi, tangu darasa la kwanza hajakosa hesabu, muulizeni sista yeyote. Na ili wenzake waone, akamshurutisha Vital apime kama karatasi ilivyosema, akawatanguliza wa kwake. Vital aliyarudia maneno ya mzee kama yalivyokuwa, na Élise hakuyasahau tena: “Mutoto wangu ndiye alipika ile karatasi. Ngombe zangu ziingie ya kwanza.”

Waliingia wote. Walipotoka upande wa pili walianza kutetemeka miguu, mate yakawatoka kama povu la sabuni, wakapiga magoti mmoja mmoja. Wafugaji wengine wakafukuza makundi yao mbali. Kwa hiyo waliokufa walikuwa wa mtu mmoja tu, mtu aliyemwamini mtoto wake.

Sauti ya Vital ilifika ofisini kwa phonie, ikikatika-katika, na Élise aliisikia amesimama. Alipanda gari bila kuomba ruhusa. Kabla ya kuona kitu alinusa, na safari hii hakutapika, labda kwa sababu mwili una kiwango chake cha kukataa. Walilala kando ya josho kwenye matope waliyoyachimba kwa kwato wakati wa kufa. Nzi walikuwa wameshapata habari. Na si nzi peke yao. Wanaume wawili wachuuzi wa nyama walikuwa wamefika na mapanga na magunia, wanamwambia mzee Honoré kwa sauti ya msiba kwamba wanamwonea huruma, kwamba nyama ikioshwa vizuri haina neno, kwamba Bunia hakuna atakayejua. Dereva wa mradi, yule aliyecheka mlangoni, alikuwa pembeni anawauliza kama wanaweza kumtengea paja. Élise aliwatazama watu hawa, akaona kwamba harufu ya josho, ambayo aliichukia maisha yake yote, ilikuwa safi kuliko wao.

Baba yake aliwafukuza wachuuzi kwa fimbo. Alikuwa amelowa dawa mpaka viwiko kwa kujaribu kuwainua ng'ombe wake. Akamwona binti yake.

“Mashine yako iligonjwa, mama?”

Élise akafungua mdomo.

“Wacha,” baba yake akasema taratibu. “Watu banasikiliza.” Akageuka kwa wenzake, akainua sauti na kuwaambia kwamba kiwanda cha Ulaya kimeleta dawa mbovu. Akalirudia siku ile na siku zilizofuata, kwa kila aliyekuja kumpa pole, bila kuulizwa.

Élise alirudi ofisini akafungua mashine, akatazama saa za mafaili. Kipande kilichopikwa: saa nane. Maandishi yenye tarakimu mpya: saa nne, siku hiyo hiyo. Alikaa akitazama tarakimu hizo mbili mpaka macho yakauma. La Maligne iliona maandishi yamezeeka na chakula kipya, ikaridhika. Ile nne ilikuwa ya mkono wake. Alijichukia wakati ule kama anavyojichukia mtu aliyekula kitu kilichooza akajua baada ya kumeza.

Alimwita Sylvestre akamwonyesha. Sylvestre aliinama kwenye kioo, marashi yakinuka, akasoma saa zote mbili.

“Basi ni weye. La Maligne ilifanya vile weye uliyiambia.”

“Ni mimi niliandika ine,” Élise akasema. “Na weye uliniambia siku gani kwamba inasomaka saa? Nilikuuliza inajua namna gani. Ulijibu nini?”

Sylvestre akaenda kwa mkurugenzi. Siku ya tatu wakaja pamoja, wameshakula njama. Hakuna haja ya kumtafuta mtu ofisini, mkurugenzi akasema kwa upole wa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mashine ni nzuri, programu ni nzuri, citoyenne Kabasomi ni mfanyakazi mzuri. Wafadhili wataambiwa kwamba mfugaji mwenyewe alimpokonya mlinzi kazi, akapima dawa kwa ujuaji wake, kwa sababu wazee hawa ndivyo walivyo. Ng'ombe ni wake, hasara ni yake, na hakuna atakayefukuzwa. Aliyasema haya akitabasamu, kama anayempa zawadi. Huenda alisahau mzee mwenyewe ni nani. Huenda pia hakusahau, na alihesabu kwamba binti atauza jina la baba ili abaki na kiti chake. Élise alitoka nje, akafika kwenye ukuta wa ghala, na hapo ndipo alipotapika, baada ya siku tatu za kujizuia.

Mgeni wa wafadhili alipokuja, mwanamume mwekundu mwenye daftari na kofia ya turubai, walimpanga Élise mwisho wa meza na kumpa kazi ya kuonyesha mashine. Aliionyesha. Kisha, bila kuketi, akasema kwa Kifaransa cha masista, polepole, kwamba mzee Honoré alipimiwa sawasawa kama karatasi ilivyosema, karatasi ndiyo iliyokosa, na karatasi ilipikwa chumba hiki. Akaeleza habari ya saa. Akasema mkono ulioandika saa ile ni wake, na chombo kilichoiamini kilichaguliwa katika mashindano ya njiti ya kiberiti. Sylvestre alitazama ncha za viatu vyake. Mkurugenzi alitazama dirisha.

Mgeni aliandika mistari kadhaa. Akauliza kama kweli hapa watu huhesabu saa namna hiyo, akalicheka jambo hilo kwa furaha ya mtu aliyepata hadithi ya kupeleka kwao. Kisha wakaenda kula mbuzi kwa mkurugenzi. Hakuna aliyekwenda kwenye josho. Mwaka haukuisha, Sylvestre akapandishwa cheo, akaitwa Kinshasa, na ofisi ikamfanyia sherehe ya bia.

Élise alibaki, kwa sababu Bunia hakukuwa na mashine nyingine na alikuwa na kodi ya nyumba kama watu wote. Siku aliyoondoka Sylvestre, Élise alifungua mtoto wa meza, akaifuta ukungu disketi ya La Longue, akairudisha kazini. La Maligne hakuitupa. Kilikuwa chombo kizuri, na hilo alilisema mpaka mwisho kwa yeyote aliyemuuliza. Alijifunza pia kuijaza mashine saa ya Ulaya, na kila asubuhi alipoandika ile tisa badala ya tatu alihisi uchungu kwenye mzizi wa ulimi. Lakini karatasi yoyote ya kwenda joshoni ilipikwa na La Longue, yote, tangu mwanzo, na ikapigwa hesabu kwa kalamu kabla ya kutoka. Mkurugenzi alipolalamika juu ya mafuta, Élise alimsogezea karatasi na kalamu, na mkurugenzi akaondoka.

Tangu ng'ombe walipokufa, Jumapili mbili baba yake hakuja Saio. Ya tatu, baada ya misa, akasikia ile hodi ya kuamsha mtaa. Mzee Honoré alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kanisani, amekonda shingo, na mkononi ana kibuyu kilekile cha siku zote, kile chenye ufa ulioshonwa na marehemu mama. Akakaa. Akauliza habari za kazi. Akamwambia Élise alete kikombe, akamimina mpaka juu.

Élise alikiinua, na moshi ukamfikia puani kabla ya maziwa kugusa mdomo. Ulikuwa moshi wa nyumba nyingine, mkali, wa kuni tu, usio na yale majani. Kwao hakukuwa na ng'ombe wa kukamuliwa tena. Mzee huyu alikuwa amepita alfajiri kwa jirani, mmoja wa wale waliosubiri, akaomba au akanunua, akayatia kwenye kibuyu cha mkewe, ambacho hakikufukizwa tena, akatembea nayo mpaka Bunia. Mikono yake, iliyokuwa magotini, bado ilinuka josho.

“Kunywa, Élise,” akasema. “Ni ya kwetu.”

Élise akakinywa kikombe chote, hakubakiza tone. Kisha akamwomba amwongezee.